Utepe wa Mtasema

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili ni la maandalio ya somo, limebaki tangu nilipostaafu. Nimelifungua leo kwa sababu mkwe wangu Mwaisha kaniambia ulimi wangu utakuja kuua mtu. Basi heri niitukane karatasi, karatasi haina mama.

Leo tumemaliza arobaini ya mwanangu Abel. Padre kasoma misa, Mwaisha na ndugu zake wakasoma dua yao pembeni, maana yeye na Abel walioana bomani na kila mmoja akabaki na dini yake. Wali umetosha. Mvua bado, ila milima imejifunika mawingu tangu asubuhi.

Kisha wakaja watani. Kwetu Uluguru msiba hauishi bila watani wa ukoo. Ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaopika, na ndio wenye ruhusa ya kumcheka marehemu pamoja na wafiwa, na ukikasirika mwenye kosa ni wewe. Mtani wetu mkubwa ni Salehe, mchoma matofali, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, na tangu apate akili hajaniamkia shikamoo hata siku moja. Mtani hapewi heshima, anapewa matusi. Akiniona hupiga kelele, "We bibi wa chaki, hujafa tu?" Nami humjibu kwamba meno yake ni kama matofali yake, nusu mabichi na nusu yameungua. Ndivyo tunavyopendana.

Leo kavaa kofia ya Abel. Katembea mwendo wa Abel, bega moja chini, kapiga na ule mluzi wake, mmoja mfupi na miwili mirefu. Mbwa wake Abel alikuwa amelala nyuma ya jiko. Alitoka mbio, akapita katikati ya masufuria, akamrukia Salehe, kisha akamnusa na kurudi nyuma. Watu wakavunjika mbavu. Mbwa huyo anaitwa Mtasema. Abel alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila anapomwita. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Salehe akajitwisha gunia la karafuu la kuigiza, akaanza kuvuka mto wa kuigiza. Kisa nilikijua. Mwanangu aliteleza katikati ya mto, gunia likamzamisha. Ndivyo nilivyoambiwa. Lakini Salehe akavuka mpaka ng'ambo. Akatua gunia, akafuta uso. Halafu akageuka nyuma, akashika kichwa, akavua viatu, akarudi majini.

"Mwana wa Mwalimu huyo!" akasema. "Karafuu kavu, mwenyewe kavu, mke anangoja nyumbani. Kasikia mbwa analia, karudi! Mbwa katoka, yeye kabaki. Haya mtani, mrithi wako huyu hapa." Akamvika mbwa kofia.

Kicheko kilianza, kikakatika. Nikauliza, "Nani kakwambia hayo?"

"Wanawake waliokuwa wanafua waliona. Kila mtu anajua, mtani. Daftari lako tu ndilo lilikuwa halijasahihishwa."

Mwaisha aliinuka akaingia ndani. Kumbe naye alijua.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Mwanangu amekufa kwa ajili ya mbwa.

Jumanne, 4 Machi

Mwaisha amefunga Ramadhani. Nimemuuliza kwa nini alinificha. Kasema, "Mama, ningekwambia ungefanya nini?" Nimemwambia ningemuua mbwa. Kasema, "Umeona sasa."

Huyu mwanamke hupima maneno kama anavyopima pilipili manga gulioni Mkuyuni, punje hazimponyoki. Nilimdharau alipokuja hapa kwa sababu aliishia darasa la saba. Bado namdharau, ila leo kwa shida.

Ijumaa, 7 Machi

Mjukuu wangu Yasmin ana miaka minane. Tangu msiba, ukimuuliza jambo anajibu "Ndiyo Bibi" au "Hapana Bibi", kama yuko mstarini shuleni. Kwa mbwa anasema. Leo nilikuwa nachambua mchicha nyuma ya nyumba, nikamsikia anamsimulia mambo ya baba yake: kwamba Baba alikuwa anakoroma, kwamba Baba alimwahidi baiskeli, kwamba sauti ya Baba ameanza kuisahau. Mbwa kamwekea kichwa pajani.

Mimi nilifundisha watoto miaka thelathini na minane. Nimeshindwa na mbwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Imeanza saa tano asubuhi na hadi sasa haijapumzika.

Nimefanya jambo. Yasmin alikuwa shuleni, Mwaisha gulioni. Nilimfunga mbwa kamba, nikamteremsha mpaka mtoni, pale pale, nikamfunga kwenye shina la mgomba karibu na maji. Nikamwambia, "Kaa hapo umtazame." Nilirudi peke yangu. Alibweka mara tatu tu, kisha akanyamaza, na nilipogeuka alikuwa ameketi ameelekea mto, mvua inampiga usoni. Sikuona huruma. Naandika kweli, sikuona.

Jumanne, 11 Machi

Mwaisha alirudi jana alasiri akamkuta Yasmin analia kwamba Mtasema hayupo. Hakuniuliza. Alinitazama, akajifunga kanga, akashuka mtoni kwenye mvua na funga yake, Yasmin nyuma yake. Dini yake haimruhusu kuguswa na mate ya mbwa, na miaka yote tisa aliyokaa hapa alikuwa anamwekea ugali kwa mbali na kurudi nyuma. Jana alimfungua kwa mikono yake mwenyewe. Kamba ilikuwa imelowa na fundo limekaza, akalifungua kwa meno. Akapanda naye mpaka nyumbani, kisha akasimama uani akaosha mikono na mdomo mara saba, mara moja kwa udongo. Yasmin aliyaona yote.

Leo chai ilikuwa haina tangawizi. Ndivyo Mwaisha anavyogomba.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ilikuwa chanjo ya mbwa kwenye uwanja wa kata, bure. Yasmin alinisihi tangu jana. Mwalimu wao kawaambia mbwa asiyechanjwa anaweza kupata kichaa. Yasmin ana mtihani, mama yake ana biashara. "Bibi, utampeleka kweli?" Nikasema nitampeleka.

Nilifika naye nusu ya njia. Mvua ikanikuta dukani kwa fundi cherehani, nikakaa. Mbwa wa watu wakapita wanarudi, kila mmoja amefungwa utepe mwekundu shingoni, alama ya kwamba amechomwa. Nilimtazama Mtasema. Nikajisemea, mwanangu hakupata hata wa kumvuta mkono, huyu apate sindano ya serikali? Nikamwomba fundi kipande cha kitambaa chekundu, akanikatia bila kuuliza. Nikamfunga mwenyewe.

Yasmin alipotoka shule alikimbia kumshika shingo. Akanambia, "Asante Bibi," na akaniegemea kidogo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniegemea tangu Januari, na nimeipata kwa wizi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Ukuta wa choo umeanguka. Salehe kapita na kofia ya Abel bado kichwani, kasema, "Bibi wa chaki, hata choo kimekukimbia." Nilimrushia gunzi. Nilifurahi mchana kutwa.

Jumapili, 23 Machi

Homa. Mwaisha kanipikia uji ingawa hajala tangu alfajiri. Mbwa kalala mlangoni, nusu ndani nusu nje, ananitazama. Nimemfukuza, karudi. Nimemfukuza tena. Mara ya tatu sikuwa na nguvu.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepona, lakini leo nimemwambia mbwa jambo ambalo sijamwambia padre.

Tulikuwa wawili tu, nimekaa kizingitini. Nikamwambia ile asubuhi ya tarehe ishirini Januari Abel hakutaka kuvuka. Alisema mto umepata maji ya juu, tungoje kesho. Mimi ndiye niliyesema, "Mwanaume mzima unaogopa maji ya magotini? Baba yako angekuwa ameshafika sokoni na kurudi." Akanitazama, akabeba gunia. Hakuniaga.

Mbwa alinisikiliza. Alipoona nimenyamaza akanilamba kiganja. Sikukiondoa. Abel tulimtuma mtoni wawili, mimi kwa kwenda na yeye kwa kurudi. Ndipo nilipojua kwa nini nilimchukia vile. Nilikuwa nataka mtu wa kubeba mzigo wangu, na yeye hawezi kujitetea.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mwaisha kapika pilau, Salehe kala sahani tatu akasema haina chumvi. Nimemtupia Mtasema mfupa wenye nyama. Yasmin kaona, akatabasamu.

Nimekusudia nimpeleke kwa bwana mifugo wiki hii akachanjwe kimyakimya.

Jumatano, 2 Aprili

Barabara ya Mkuyuni imekatika. Nitampeleka itakapopitika.

Jumamosi, 5 Aprili

Mchana huu, kama saa nane, Yasmin alikuwa anaanua nguo. Mbwa mgeni alitokea upande wa migomba, mwembamba, mdomo wazi, anayumba kama mlevi na mate yananing'inia. Hakubweka. Alikuwa anamwendea mtoto moja kwa moja. Mtasema alitoka chini ya meza ya jiko akamkata njia. Walipigana kama dakika mbili kwenye tope. Yule mgeni akajinasua, akaenda zake akiyumba vilevile, na vijana wa kitongoji cha chini walimpiga mawe akafa, baada ya kumng'ata mbuzi wa watu na mzee mmoja mguuni.

Mtasema ana jeraha kwenye mdomo, dogo kuliko punje ya mahindi. Nimeliosha kwa sabuni hadi vidole vikauma. Yasmin anamwita shujaa. Mwaisha amesimama mbali, machozi yanamtoka, anasema, "Mungu akulipe, mbwa wewe."

Mimi nautazama ule utepe shingoni mwake.

Jumatatu, 7 Aprili

Bwana mifugo kaja kwa miguu, kaacha pikipiki ng'ambo ya maporomoko. Anaitwa Kelvin, kijana wa Mbeya, mpole, viatu vyote tope.

"Shikamoo Mwalimu. Pole na msiba. Nimesikia mbwa wenu alipambana na yule wa kichaa."

"Marahaba. Mkwaruzo tu."

Akanieleza. Aliyechanjwa anaongezewa dozi, anafungwa na kuangaliwa. "Asiyechanjwa, Mwalimu, hatuna la kungoja. Anauawa siku hiyo hiyo. Na aliyemshika mate anakwenda mjini kuchomwa." Akamtazama Mtasema. "Huyu amechanjwa?"

Yasmin alikuwa amesimama hapo, mkono wake uko kwenye utepe.

Nikasema, "Huoni utepe?"

Hilo ni jibu la mwalimu. Sikusema ndiyo. Akaomba kadi, nikasema mvua imeilowesha. Akaandika kwenye karatasi yake, akasema dozi za nyongeza zimemwishia, atazileta barabara ikifunguka. Akanishukuru kwa ushirikiano.

Sikumwokoa mbwa. Nilijiokoa mimi nisionekane na mtoto. Na pia nilimwokoa mbwa. Yote mawili ni kweli.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesoma kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la sita. Dalili: kuogopa maji, sauti kubadilika, kushindwa kumeza. Huanza wiki mbili hadi miezi mitatu baada ya kung'atwa.

Leo amekunywa maji.

Jumatano, 9 Aprili

Amekunywa.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekunywa. Nimemkataza Yasmin kumshika, nimesema ana viroboto. Kasema atamwogesha.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekunywa mara mbili. Mvua kubwa.

Jumanne, 15 Aprili

Amekunywa. Kelvin hajarudi. Kila pikipiki ikinguruma bondeni natoka mlangoni, sijui kwa hofu au kwa kutamani.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Amekunywa. Nimekwenda kanisani nikapanga foleni ya kitubio, nilipobakiza watu wawili nikatoka. Padre angeniambia nikaseme, na mimi nilitaka wa kunisamehe bila kusema.

Alhamisi, 24 Aprili

Amekunywa. Jeraha limepona kabisa, halionekani. Siku kumi na tisa. Leo kanifuata shambani, kafukuza ngedere kwenye mahindi, karudi anahema kwa furaha na kunilalia miguuni. Nimemkuna masikio. Kama kuna haki, huyu ataishi.

Jumatatu, 28 Aprili

Amekunywa. Mwaisha kanishika nikimwangalia akinywa. "Mama, una nini na huyu mbwa siku hizi?" Nimesema nampenda. Kacheka, kasema, "Kumbe una moyo, ulikuwa umeuweka wapi?" Tangawizi imerudi kwenye chai. Sijawahi kupendwa na mkwe wangu kama wiki hizi, na kila siku ninapopendwa inakuwa vigumu zaidi kufungua mdomo.

Alhamisi, 1 Mei

Amekunywa.

Jumamosi, 3 Mei

Amekunywa kidogo.

Jumapili, 4 Mei

Hakunywa. Labda ameramba mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Hakunywa. Anasogelea bakuli, anachovya mdomo, shingo inamkakamaa. Kabweka asubuhi na sauti si yake, imekwaruza. Ananikodolea macho kama hanijui, kisha ananijua.

Nimemfungia kwenye kibanda cha karafuu cha Abel, nimemfunga na kamba, nikatia komeo. Yasmin kauliza kwa nini. Nilitakiwa kumwambia. Mtoto wa miaka minane anaelewa. Nilimwambia, "Usiulize maswali, nenda kasome."

Kesho asubuhi nitashuka mwenyewe kwa bwana mifugo, nitamweleza. Kesho.

Jumanne, 6 Mei



Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi. Sikufika hata kwenye duka la fundi nikasikia Mwaisha anapiga ukelele. Nilirudi nikikimbia kwa umri wangu huu.

Yasmin alikuwa amefungua komeo. Aliingia kumfungua kamba, fundo lilikuwa limekaza, akaliinamia kwa meno kama alivyomwona mama yake siku ile. Mbwa akamng'ata mkono, hapa juu ya kifundo, akauachia palepale na kurudi kona akilia. Nilipofika Mwaisha alikuwa ameshamtoa mtoto na kufunga mlango kwa nje.

Tuliuosha mkono kwa sabuni na maji ya kutiririka, nikahesabu dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Mtoto hakulia. Alisema tu, "Nilidhani Bibi kamfunga tena kama kule mtoni."

Zahanati. Nesi alimpokea vizuri. Akauliza, "Mbwa amechanjwa?"

Yasmin akajibu kabla yangu, kwa sauti ya mtoto anayejua jibu. "Ndiyo. Bibi alimpeleka. Ana utepe mwekundu."

Nesi akashusha pumzi. "Afadhali. Basi tutasafisha, tutafunga, na mbwa mumwangalie siku kumi." Akaanza kuandika. Mwaisha akasema alhamdulillahi.

Naandika hili bila kujitetea. Niliifikiria. Niliwaza, kidonda tumekiosha, huenda si kichaa, naweza kurudi nikamtafuta Kelvin kwa siri, nikampeleka mtoto mjini kwa kisingizio kingine. Niliwaza hayo yote huku kalamu ya nesi inatembea. Ilifika mwisho wa mstari, ikaanza mwingine. Mjukuu wangu ameketi amening'iniza miguu, viatu havifiki chini.

Nikasema, "Hajachanjwa."

Nesi akainua kichwa.

"Hajachanjwa. Utepe niliufunga mimi. Kitambaa ni cha fundi cherehani. Alipigana na mbwa wa kichaa mwezi uliopita, na tangu juzi hanywi maji."

Hakuna aliyenitukana. Nesi alichana karatasi, akaandika nyingine ya kwenda hospitali mjini, akasema, "Kimbieni. Leo, si kesho." Mwaisha alimbeba mtoto mgongoni ingawa mtoto alijeruhiwa mkono, si mguu. Tulivuka maporomoko kwa miguu, tope hadi magotini, ng'ambo tukapata bodaboda. Nafasi ilikuwa ya wawili. Mwaisha akapanda na mtoto, akamwambia dereva aondoke. Nilibaki barabarani. Yasmin hakugeuka.

Jumatano, 7 Mei

Mwaisha kapiga simu kwa Salehe, si kwangu. Mtoto amechomwa sindano ya kwanza, na nyingine kuzunguka kidonda. Zimebaki tatu. Watakaa kwa dada yake Mwaisha, kule Mzinga, karibu na hospitali.

Alhamisi, 8 Mei

Kelvin kaja na mgambo mwenye bunduki. Nilimwambia yote mlangoni. Alisema tu, "Ungeniambia siku ile, Mwalimu, ningemaliza kazi ya mbwa mmoja."

Kamba ilikuwa imeshatafunwa, na mbwa alikuwa amejibana nyuma ya magunia. Mgambo haoni, hawezi kuingia, hawezi kufyatua ovyo ndani ya kibanda. Wakauliza kama kuna mtu anayeweza kumtoa. Mwenye sauti anayoisikia yupo Mzinga, na mwenye mluzi yupo kaburini.

Mluzi niliusikia kwa Salehe siku ya arobaini, nikaushika. Mmoja mfupi, miwili mirefu. Sikuwahi kuupiga hadharani, mwanamke wa umri wangu hapigi miluzi. Nilisimama nyuma ya mgambo, mlango ukafunguliwa, nikapiga.

Alikuja. Miguu ya nyuma ilikuwa imekwisha, akaiburuta. Mate yanamtoka, macho mekundu, lakini masikio yalisimama na mkia ukapiga sakafu, mara moja, mbili. Alikuwa anamtazama mtu aliye nyuma yangu. Mgambo akafyatua.

Utepe ulibaki shingoni. Kelvin kasema tusiuguse.

Salehe ndiye aliyechimba shimo, kwa sababu hakuna mwingine. Alichimba hadi kifuani, akamwaga chokaa, akafukia. Aliivua kofia ya Abel akaiweka kwenye msumari ukutani. Nilikaa kwenye kiti nikamngoja. Huyu alimcheka mwanangu wa kumzaa kwenye arobaini yake. Nilikuwa na hakika atanipa langu, bibi muuza utepe, bibi daktari wa mbwa, chochote. Ningelia, na kulia kungenifaa.

Aliosha jembe, akalirudisha pembeni ya jiko, akaondoka.

Jumanne, 13 Mei

Sindano ya tatu. Nimeambiwa na jirani.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua. Nyumba ina sauti moja tu, ya bati likikauka.

Jumanne, 20 Mei

Sindano ya nne, ya mwisho. Nilikwenda Mzinga asubuhi na mapema, nimebeba ndizi na daftari jipya la Yasmin. Mtoto hana homa, mkono umefunga. Nesi wa mjini kasema tuliwahi, na waliowahi hupona. Nilipiga magoti mlangoni nikashukuru.

Yasmin aliniamkia. "Shikamoo Bibi." Nikamwambia njoo. Akaja, akasimama hatua moja mbele yangu, mikono nyuma, wima. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana Bibi." Kama atarudi nyumbani. Akamtazama mama yake.

Mwaisha alinisindikiza hadi barabarani. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hakuna mkutano wa wazee utakaonirudishia, na yeye anajua kwamba najua. Akasema, "Mama, ile ya kumtuma Abel mtoni nilikuwepo, nilisikia. Hiyo nilikusamehe siku ileile, maana ulikuwa hujui maji yatafanya nini. Hii ulijua." Kisha akanilipia nauli, nikapanda.

Jumamosi, 24 Mei

Jua. Masika imekwisha, milima iko wazi hadi juu, na watu wameanika kila kitu.

Nimekwenda Mkuyuni kununua chumvi. Nikamwona Salehe upande wa pili wa soko, anawachekesha wauza mananasi, wameshika matumbo. Nilifurahi hadi nikasahau nilichofuata. Nikamwendea, nikaanza mimi, kwa sauti, watu wote wasikie: "We mla matofali, hujafa tu? Nilidhani meno yamekudondokea tumboni!"

Wauza mananasi wakageuka wakingoja jibu lake. Mimi nilikuwa tayari nacheka.

Salehe aliacha kucheka. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Watu walikuwa wanatutazama. Nikaitikia marahaba.